Baba Aliponisimamisha Katika Msitu wa Chawia

Nakumbuka Jumamosi moja yenye ukungu, mwanangu, nimekaa juu ya pikipiki kwenye uwanja wa mpira chini ya Chawia, mguu mmoja ardhini, injini inanguruma, wanaume wamenizunguka kila upande, msichana ni mimi peke yangu, na badala ya kuangalia njia naangalia watu waliosimama pembeni. Nilikuwa namtafuta baba yangu. Nilipitisha macho kwa akina mama wenye leso, nikapitisha kwa wazee waliojikunyata kwa baridi, sikumwona. Nikashusha kioo cha helmeti nikajiambia basi, shauri yake.

Unacheka, na ufunguo wa pikipiki yako mkononi. Unaona haya magoti yanayolia nikiinuka kitini, unaona miwani na hii sweta ya kufuma, unafikiri nilizaliwa hivi. Nani alikudanganya? Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini moshi wangu mimi ulitoka kwenye ekzosi, na kuna wazee hapa Mwatate ambao bado wanaukumbuka.

Siku hizo bodaboda hazikuwa zimejaa kama sasa. Mimi nilikuwa na pikipiki kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nikipandisha ng'ombe kwa zile mbegu za fahali zinazowekwa mtungini. Usione haya, ni kazi kama kazi nyingine, na maziwa unayotia kwenye chai huanzia hapo. Mtungi wa baridi nimeufunga nyuma ya kiti, napanda na kushuka boma kwa boma, na watoto wakisikia pikipiki yangu inakuja wanakimbia barabarani wakipiga kelele, "Fahali amefika!" Nilizoea. Vile vijia vya kwetu, vyembamba, upande huu ukuta wa matuta ya kabichi na upande ule bonde, nilivipita wakati wa mvua na wakati wa kiangazi mpaka mikono yangu ikavijua.

Basi vijana wa gereji za Voi wakaja na wazo la mashindano. Si ya barabara ya lami, hapana. Unaanzia uwanjani, unapanda katikati ya mikaratusi, unaingia msitu wa Chawia wenyewe, unatokea kwenye mashamba, unavuka kijito, halafu unazunguka kilima na kurudi ulikoanzia. Mshindi apewe tairi mbili mpya, na kwa mtu wa milimani tairi mpya si jambo la mchezo. Nikapeleka jina langu. Walicheka, wakauliza kama na fahali atapewa helmeti. Nikawaambia tutaonana mlimani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Nilikuwa na kaka, Mwadime. Yeye ndiye aliyenifundisha pikipiki, akinishikia kiti kwa nyuma na kukimbia pembeni yangu kwenye ule mteremko wa kanisani, huku akinitukana na kucheka. Mwadime alifariki juu ya pikipiki. Alikuwa anatoka Mahoo kununua ndizi, giza likamkuta njiani, akakutana na lori lisilo na taa. Hayo tu ndiyo tuliyoambiwa. Tulimzika nyumbani, upande wa chini wa nyumba, pale unapopaona penye maua.

Siku ya mazishi baba yangu hakulia. Sisi wote tulikuwa tumeanguka chini, mama anashikiliwa na wenzake, na baba anabeba viti. Anapanga viti, anauliza watu kama wamepata chai, anamwita mtu aongeze kuni. Kesho yake akamwita fundi wa vyuma chakavu, akampa mabaki ya ile pikipiki bila kutuuliza. Na kuanzia hapo hakulitaja tena jina la Mwadime, hata kwenye sala ya chakula. Mimi nikafunga fundo moyoni. Nilijiambia mtu huyu ana moyo wa jiwe, amemzika mwanawe kama mtu anayefukia shimo. Sikumwambia mtu. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwamkia kwa adabu, na fundo lilikuwa palepale.

Nilipomwambia habari za mashindano, alikuwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini, akasimama, akachukua jembe lake akashuka shambani. Tangu siku hiyo kukawa na kimya katika nyumba yetu. Salamu ilikuwepo, asante ilikuwepo, lakini mazungumzo hakuna. Anatoka alfajiri na jembe, anarudi jioni na jembe.

Na sisi Wadawida, watu wa milima hii, wewe unajua, au pengine hujui maana mmelelewa mjini, tuna jambo letu la kutasa. Mtu akiwa na hasira na mwenzake, hasa wa damu yake, hasira ile haiachwi ikalala kifuani. Wazee walisema hasira iliyolala hutoka yenyewe ikatembea bila kutumwa, ikamdhuru yule uliyemkasirikia, na hata kama unampenda haikuulizi. Basi mwenye hasira anachukua maji, au pombe ya muwa kwa wale wasiookoka, anapiga funda, anayatema kwa kuyanyunyiza mbele yake, na anasema kwa sauti: hasira niliyokuwa nayo nimeitoa, uwe salama. Na ni lazima awe yeye mwenyewe. Hakuna anayekutemea hasira yako. Mchungaji wetu hakuyapenda mambo hayo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili, lakini hakuna mtoto wake aliyewahi kwenda safari ndefu bila yeye kujipima moyo na kutasa mlangoni. Alisema Mungu hawezi kumkataza mtu kusafisha kifua chake.

Kwa hiyo mama yangu alihangaika. Radhi ni bora kuliko mali, alirudia kuniambia hivyo hivyo kila siku. Aliniambia nimwendee baba nimwombe atase, nisiende kwenye msitu ule na hasira ya mzazi mgongoni. Nikakataa. Nilisema mwenye hasira ni yeye, basi ajitase mwenyewe, mimi simlambi mtu miguu. Kiburi hicho, mwanangu, nilikuwa nacho kingi, ningekuuzia na kingebaki. Mama akaenda mwenyewe kule shambani. Alirudi ameshika kiuno, akaniambia baba yako amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akaendelea kulima.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikasema sawa, ameninyima baraka, nitakwenda bila yake.

Na ndiyo hivyo nikajikuta uwanjani siku ile ya ukungu, nikimtafuta kwa macho mtu ambaye nilisema simtaki. Asubuhi tulipoamka jembe lilikuwa ukutani, lakini baba na gamubuti zake hawakuwepo. Mama aliniombea, akanifunga leso shingoni ndani ya jaketi, akajikaza asilie.

Filimbi ikapigwa, tukaondoka. Hapo mwanzo ilikuwa vurugu tupu. Tope linaruka, mtu anamgonga mwenzake, watazamaji wanakimbia kuokoa nguo zao. Wale wa Voi walizoea uwanda, ambako ukifungua mafuta pikipiki inakwenda tu. Walipofika kwenye mikaratusi, majani yake yakilowa yanateleza kama sabuni, wakaanza kwenda chini mmoja mmoja. Mimi nilikaa gia ya pili, nikatuliza mkono. Mwenda pole hajikwai. Nikampita huyu, nikampita yule. Mbele nikabaki na Omondi.

Omondi unamjua, yule mwenye gereji karibu na stesheni. Baba yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na yeye akazaliwa na kukulia Voi. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye fujo, lakini pikipiki alikuwa anaijua. Tulipanda naye mpaka tukaingia msituni. Mle ndani, mwanangu, mchana ni kama jioni. Ukungu unadondoka kutoka kwenye miti kama mvua, mizizi imekatiza njia, na huoni mbele zaidi ya urefu wa basi. Kwenye mwinuko wa mwisho Omondi akaharakisha, tairi la nyuma likazunguka bure kwenye mizizi, akaenda kando kwenye mfereji. Nikapita. Nilisikia anacheka na kulaani kwa wakati mmoja, nikajua hajaumia.

Nikawa wa kwanza. Furaha niliyokuwa nayo sikufichi. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti, naliita jina la kaka yangu, Mwadime, Mwadime, kwa sauti, kwa sababu hapo hapakuwa na mtu wa kuninyamazisha. Nililia pia. Niliona kama nampelekea kitu.

Halafu nikafika pale msitu unapoisha, kona ya mwisho kabla ya mashamba ya upande wetu, na kumbe kuna mtu amesimama katikati ya njia. Amevaa koti la mvua. Gamubuti zake zimejaa tope mpaka magotini. Ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili.

Alikuwa ni baba yangu.

Damu ilinipanda. Nilisema, haya, amekuja kunizuia, amengoja mpaka niwe wa kwanza ndipo aje kunizuia. Na nafasi ya kupita ilikuwepo, nisikudanganye. Kushoto kwake pikipiki ingepita bila hata kumgusa. Lakini kwetu mzazi akisimama njiani humzunguki. Hata ukiwa mtu mzima mwenye mvi, humzunguki. Mkono ukashika breki kabla moyo haujakubali, nikasimama mbele yake, karibu nimpakaze tope.

"Zima," akasema.

Nikazima. Msitu ukawa kimya, ila nyuma yangu huko mbali zile injini nyingine zinapanda. Nikainua kioo cha helmeti nikamuuliza, kwa sauti ambayo mtoto hafai kumwuliza nayo mzazi, kama amekuja kunitasia sasa, baada ya kuninyamazia muda wote ule.

Akatikisa kichwa. "Mimi sina hasira na wewe, Mghoi. Mama yako aliponiomba nilijitafuta moyoni, nikaikosa. Ningekuwa nayo ningeshaitema siku ile ile. Mimi nina hofu. Na hofu haitemwi, mwanangu. Nimejaribu."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kila mtu anajua msemo huo, hata mimi nilikuwa naujua. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba baba yangu aliumwa. Nilifikiri tulioumwa ni sisi tuliolia.

Akanyoosha kile kikombe. "Mwenye hasira ni wewe," akasema. "Tangu tumzike Mwadime. Nimeiona kila unaponiwekea chakula. Siwezi kukuzuia usiende, wewe si mtoto. Lakini usishuke kule na mzigo huo kifuani."

Lilikuwa ni jina la kaka yangu. Kulisikia kinywani mwake, kwa sauti yake, kulinivunja kabisa. Nikasema lile ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. "Hukulia, Baba. Uliuliza watu kama wamepata chai."

"Ningelia ningeanguka," akasema. "Na mama yako angeshikwa na nani? Kule shambani mnafikiri nalima siku nzima?"

Mwanangu, mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nalazimika kukaa chini. Yule mtu alikuwa akienda na jembe kila alfajiri ili akalie mahali ambapo hatutamwona, nami moyoni namwita jiwe. Mimi niliyejidai nafahamu ng'ombe akiwa na homa kwa kumtazama macho tu, baba yangu mzazi nilikaa naye nyumba moja nikashindwa kumsoma.

Hapo Omondi akatokea kwenye kona, amejaa tope uso mzima. Akapunguza mwendo, akauliza kama pikipiki imeharibika. Baba akampungia mkono apite, kama mtu anayefukuza kuku. Akapita. Wakapita na wengine nyuma yake, na mimi nimesimama pale njiani, kikombe mkononi, helmeti kichwani, nalia.

Nikavua helmeti. Nikapiga funda la maji, na yalikuwa baridi ya kuuma meno, nikayanyunyiza. Nusu yaliangukia koti la baba, maana sikuwahi kutasa maishani mwangu, nilidhani ni kazi ya wazee. Nikasema hasira niliyokuwa nayo kwa baba yangu nimeitoa. Hasira ya viti, hasira ya pikipiki aliyoitoa bila kuniuliza, hasira ya jina lililofichwa. Nikasema awe salama, nami niwe salama. Baba akajifuta kidevu kwa mkono, akasema, "Amina." Mzee wa kanisa, usisahau.

Halafu akaniambia, "Ukifika kijitoni shika kulia. Kushoto ukingo umebomoka. Na yale mawe ya kwenye mteremko nimeyaondoa niliyoyaweza."

Ndipo nikaelewa yale matope ya magotini. Alikuwa ameamka kabla ya mwanga, akaitembea ile njia yote ya mashindano kwa miguu, peke yake, akitoa mawe na matawi mbele ya tairi langu. Na mbele ya tairi la Omondi pia, kama Omondi angelijua hilo. Mpaka leo akinywa chai kwangu anadai alinishinda kihalali, nami namwachia.

Sikushinda. Nilifika wakati watu wameshaanza kumbeba Omondi mabegani, na tairi zile akazichukua yeye. Mama aliniona nimevimba macho akashika kichwa akidhani nimeanguka. Nikamwambia sijaanguka, nikageuza pikipiki nikarudi juu, kwa sababu nilijua kuna mtu anashuka mlima ule kwa miguu na amechoka.

Nilimkuta kando ya shamba la watu, amekaa kwenye jiwe, anakamua soksi. Nikamwambia apande nyuma yangu twende nyumbani. Alikataa. Tangu tumzike Mwadime hakuwa amegusa pikipiki, alikuwa hata akiisikia barabarani anaingia ndani. Nikazima injini nikakaa nikimngoja. Alivaa soksi zake taratibu, akavaa gamubuti, akasimama akakitazama kile kiti muda mrefu. Kisha akapanda.

Alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Ile mikono ilikuwa inatetemeka, naihisi mpaka kwenye mbavu zangu. Kila kona alikuwa anasali kwa sauti, jina la Yesu hili hapa, jina la wazee lile pale, amechanganya yote. Sikumcheka. Nilikwenda pole kuliko nilivyowahi kwenda na mtungi wa mbegu. Katikati ya mteremko wa kanisani nikasikia kitu kimegusa mgongo wangu, nikajua ni kichwa chake. Alikilaza pale mpaka tukafika, na hakuacha kutetemeka, na hakuniomba nisimame.

Sasa mwanangu, nikuachie na neno. Ujana una haraka ya kuhukumu. Unamwona mzazi amenuna, amekataa, amekunyamazia, na wewe unasema ananichukia, hanielewi, moyo wake ni wa jiwe. Unamjibu kwa hasira, naye anazidi kunyamaza, nyumba inakuwa baridi. Mara nyingi kilicho ndani yake si hasira. Ni hofu, na hofu haina dawa ya kutemwa. Hofu mtu hupanda nayo nyuma ya mgongo wako, akakushika kiuno, akaenda nawe hivyo hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi usimwulize mzazi wako, "Kwa nini umenikasirikia?" Mwulize, "Unaogopa nini?" Halafu ngoja. Jibu linaweza kuchelewa, wengine wetu hulipeleka kwanza shambani.

Na ile hasira yako mwenyewe, usingoje mkubwa aanze. Usiibebe barabarani, usiibebe kazini, usilale nayo. Itoe ukiwa hai na yeye akiwa hai, maana kaburini hapana anayejibu. Na ukiona mtu amesimama njiani kwako, hata kama wewe ndiye wa kwanza, hata kama wengine watakupita, shika breki umsikilize. Tairi mpya zitaisha tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila kona usiyoiona mwisho wake. Njia ikulainikie, watu ulionao wakudumu, na kifua chako kiwe chepesi. Na sisi tunaobaki mlangoni na hofu zetu, atujalie tuisikie injini yako ikirudi.